Ziwa dogo sebuleni: shajara ya tanki la samaki wa Tanganyika, Tabata

Jumamosi, 11 Januari 2025

Tanki limefika. Fundi vioo kalileta kwa bajaji, kalikumbatia njia nzima kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Sentimita 90 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8. Kwa hesabu ya darasani ni lita 144, ila ukishaweka mchanga na mawe, ukaacha na nafasi juu, maji hasa yanabaki kama lita 115. Namba hiyo nimeiandika kwenye plasta nikaibandika pembeni. Dozi zote za mbele zitatoka kwenye hiyo 115. Mtu anayedozi kwa lita za fundi anazidisha kila siku bila kujua.

"Mama, lijaze hapahapa barazani lilale usiku mmoja," fundi akaniambia. "Kama ni kuvuja, livujie nje." Nimelijaza, na chini ya kila kona nimetandika gazeti kavu.

Nimekulia Kigoma. Utotoni tulikuwa tunaokota magamba ya konokono ufukweni Katonga, tunayapiga yatoe mlio, na sikujua kuwa chini ya maji kuna samaki anayeishi ndani ya magamba hayohayo. Nimekuja kumjua nikiwa mtu mzima, Dar es Salaam, nikiwa nauza dawa. Wataalamu wanamwita Lamprologus ocellatus. Dume halizidi sana sentimita 5, jike ni dogo zaidi, na kwenye shavu ana doa jeusi lenye ukingo wa dhahabu, utadhani jicho la pili. Gamba analolitaka ni la konokono wa ziwa lile lile. Analifukia mchangani kwa kuchimba na kupuliza kwa mdomo, abakize tundu tu la kuingilia. Huyo ndiye ninayemtaka.

Jumapili, 12 Januari

Magazeti makavu. Tanki limeingia ndani.

Jumapili, 19 Januari

Leo ni maji tu. Maji yetu ya bomba nimeyapima: pH (kipimo cha asidi na alikali) 7.2, na kalamu ya kupimia chumvi inasoma 95, yaani miligramu kwa lita. Ziwa Tanganyika liko mbali kabisa na hapo. Maji yake ni ya alikali, pH inacheza kati ya 8.6 na 9.2, na chumvi zake nyingi zinaletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu. Kwa kalamu ya aina yangu, maji ya ziwa yangesoma kama 330 hivi.

Siwezi kuleta ziwa, ila nina mizani ya dawa. Kwa kila ndoo ya lita 20: gramu 6 za sodiamu baikaboneti, ile ya kuokea, na gramu 4 za chumvi ya haluli. Mama yangu alikuwa anatunywesha haluli shule zikifungwa, tusafishwe tumbo. Hakuwahi kuniambia kuwa ni magneziamu salfeti. Nimekoroga, nimeweka kijiwe cha hewa, kile cha kutoa mapovu, nimeacha usiku kucha. Asubuhi: pH 8.3, kalamu 335. Haijafika 9 na siifukuzii. Samaki anasumbuliwa zaidi na maji yanayopanda na kushuka kuliko maji yaliyotulia chini kidogo ya kwao.

Mawe ni ya chokaa. Jinsi ya kuyajua: dondosha siki juu ya jiwe kavu. Likitoa mapovu, ni chokaa, litasaidia kushikilia pH isianguke. Muuza mawe alinitazama navyomwagia siki mawe yake, hakuuliza kitu, ila bei hakushusha.

Jumamosi, 25 Januari

Tanki lina maji, lina mchanga, lina chujio la sponji linalobubujika, na halina samaki hata mmoja. Kila mgeni anauliza samaki wako wapi. Wako Kigoma.

Ninachofuga sasa hivi ni bakteria. Taka ya samaki inatoka kama amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, nayo sumu. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa haijarundikana. Makundi haya si lazima uyanunue, yanakuja yenyewe yakikuta chakula, na hayana haraka. Chakula nilichowapa ni dagaa wakavu wa Kigoma, kiganja kimoja ndani ya soksi ya nailoni iliyofungwa fundo.

Jumatano, 5 Februari

Soksi inanuka. Mwenzangu amesema ama soksi ama yeye. Nimeihamishia nyuma ya jiwe na kufungua madirisha. Amonia 2 (nayo ni miligramu kwa lita), nitriti ndiyo kwanza inaanza kuonekana: maji ya kipimo yamekuwa zambarau hafifu.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki ya sita. Amonia 0, nitriti 0, nitrati 40. Soksi imetupwa mbali. Nimetoa nusu ya maji, nimerudisha yaliyotengenezwa. Nimempigia kijana mmoja wa Kigoma, ana kibali cha kuvua samaki wa mapambo. "Dada, nakuwekea wanane," kasema. "Wanakuja na basi."

Jumamosi, 8 Machi

Naandika usiku, na nitaandika yote.

Boksi limefika stendi saa 4 asubuhi, jeupe, jepesi, kama yale ya kubebea chanjo. Wamefungwa Kigoma juzi jioni, kwa hiyo walikuwa kwenye maji yale kwa zaidi ya saa 36, njiani kilomita zaidi ya 1,200. Mifuko miwili, kila mmoja samaki wanne kwenye lita moja ya maji, juu yake oksijeni iliyojaza mfuko ukawa mgumu kama mpira. Nilipofunua boksi, wote wanane walikuwa hai. Wamepauka rangi, wamejikunyata chini, lakini wanapumua taratibu. Binti yangu aliwahesabu mara mbili, kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Mwezi mzima nimesoma kwamba samaki mgeni asimwagwe ghafla. Azoeshwe polepole, tone kwa tone. Na matone ndiyo kazi yangu. Nimechukua seti ya dripu kazini, ile yenye gurudumu dogo la kubana mpira. Kwenye pakiti yake imeandikwa kabisa: matone 20 ni mililita 1. Nimewamimina na maji yao kwenye ndoo, lita 2, nimeweka kijiwe cha hewa wasikose pumzi, nimening'iniza mpira kutoka kwenye tanki, nimerekebisha gurudumu mpaka matone manne kwa sekunde. Hiyo ni mililita 12 kwa dakika. Ili lita 2 ziwe 4, unahitaji dakika 167. Karibu saa tatu. Nilikaa kwenye kigoda nikajiona hodari.

Dakika ya 20 hivi, mmoja akapanda juu. Akakaa kichwa juu, mkia chini, matamvua yakienda haraka. Nikasema ni uchovu. Dakika ya 40 walikuwa watatu. Mmoja akaruka akagonga ukuta wa ndoo, akazunguka mzunguko mmoja, akalala ubavu. Matamvua yake yalikuwa yamegeuka mekundu iliyokolea, karibu kahawia. Nami nilifanya nini? Nilipunguza matone. Nilidhani ninakwenda kasi mno. Nikaongeza hewa.

"Mama, mpeleke kwenye tanki," binti yangu akasema. Nikamwambia subiri, bado hawajazoea.

Mpaka saa 8 mchana walikuwa wamekufa sita. Wawili waliobaki niliwachota kwa wavu kwa hasira tu, nikawatia kwenye tanki bila utaratibu wowote, na hao wawili ndio wazima mpaka sasa ninapoandika. Dume moja na kimoja kidogo ambacho sijajua jinsia yake. Kimeingia kwenye gamba, macho tu yanaonekana.

Nimempigia kijana. Hakukataa lawama, ila aliuliza swali moja: "Dada, uliwaacha kwenye maji yale yale muda gani?"

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzima nimekuwa narudi kwenye swali lake. Yale maji ya ndoo nilikuwa nimeyahifadhi kwenye chupa, mazoea ya kazini. Huwezi kutupa sampuli kabla hujajua kilichoua. Nimeyapima amonia. Yamesoma 4, kijani iliyokolea. Na hayo yalikuwa yameshachanganywa karibu nusu kwa nusu na maji safi ya tanki. Maana yake, mfukoni ilikuwa karibu 8, ukomo wa kadi ya rangi ya kipimo changu.

Sasa mbona mfukoni walikuwa wazima?

Jibu liko kwenye pH. Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni ile yenye sumu inayopenya matamvua, nyingine ni amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo sana. Kinachogawa kati ya sura hizi mbili ni pH, na joto kidogo. Kwenye pH 7.2, sura ya sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8.3 inakaribia asilimia 10. Kwenye 9, inapita theluthi nzima. Mfuko ukiwa umefungwa, samaki anapumua na hewa ukaa inarundikana humo, maji yanashuka kuwa ya asidi zaidi. Ndiyo hiyo iliyowalinda njia nzima, kutoka Kigoma, Tabora, Dodoma mpaka hapa. Maji yamejaa taka lakini sumu imelala.

Kisha mimi nikafungua mfuko. Hewa ukaa ikaanza kutoka. Nikaweka kijiwe cha hewa, ikatoka mbio. Juu yake nikadondosha maji ya pH 8.3, matone manne kwa sekunde, kwa uangalifu. Nikaiamsha sumu kidogo kidogo huku nimewafungia ndani yake. Nilipoona wanatweta nikapunguza maji safi na kuongeza hewa, yaani nikapunguza dawa na kuongeza sumu.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Yale maji ya chupa niliyapima kwa kalamu pia: 350. Tanki langu ni 335. Yaani chumvi zilikuwa zinalingana tangu mwanzo; nilizilinganisha mwenyewe mwezi Januari kwa mizani. Hakukuwa na cha kuzoesha. Nilimtundikia dripu mgonjwa ambaye hakupungukiwa maji.

Dripu ina kazi yake. Samaki wa dukani, aliyekaa nusu saa kwenye mfuko, maji yake masafi lakini chumvi zake ziko mbali na zako, huyo mdondoshee, hata kwa saa nzima. Aliyesafiri siku mbili ni mgonjwa mwingine kabisa. Huyu unamtengenezea maji kabla hajafika, yafanane na ya alikotoka, halafu unamtoa kwenye uchafu wake upesi.

Jumamosi, 5 Aprili

Wawili wanaendelea. Dume limefukia magamba matatu, linamfukuza hata konokono wa bustani niliyemweka kwa majaribio (nimemtoa).

Kosa jipya, dogo, ila limenifundisha. Joto la Machi lilifikisha tanki nyuzi 30, na hawa wa ziwani wanapenda 24 hadi 27. Nikaelekeza feni juu ya maji. Likashuka mpaka 27.5. Lakini feni inapoza kwa kukausha maji, na tanki likawa linapoteza lita 2 kila siku. Mimi kila jioni nikawa naongezea kutoka kwenye ndoo ya maji yaliyotengenezwa, yenye baikaboneti na haluli. Baada ya wiki mbili kalamu ikasoma 415. Maji yanapokauka chumvi hazikauki, zinabaki. Nilikuwa napika supu ya chumvi kwa moto mdogo. Siku hizi kinachopunguzwa na feni narudishia maji matupu yaliyolazwa, na ninachotoa kwa mpira ndicho ninachorudishia maji yenye dozi. Ni mambo mawili, kila moja na ndoo yake: buluu na nyekundu.

Jingine ni tanki la juu ya nyumba. Nalitumia kulazia maji, klorini itoke. Ila ni jeusi na linakaa juani. Saa 9 alasiri nimepima: nyuzi 37. Ukitoa robo ya maji ya samaki ukarudisha hayo, tanki linapanda karibu nyuzi 2 na nusu ndani ya dakika kumi. Asubuhi saa 12 maji yale yale ni nyuzi 27. Kwa hiyo Jumamosi naamka na adhana, navuta maji, natia dozi, na kufikia saa 1 nimemaliza. Jirani anadhani nafua.

Jumamosi, 10 Mei

Masika, na mgao wa maji juu yake. Tanki la juu lilikauka Jumatano. Jana usiku bomba likatoa, nikaamka, nikaacha yale ya kwanza yenye kutu yapite, nikajaza ndoo. Leo asubuhi nikabadilisha lita 30 kwa maji hayo. Hayakulala hata saa sita. Nilipofungua kifuniko cha ndoo ya mwisho nikasikia harufu ya klorini waziwazi, harufu ninayoijua kazini, na mkono ulikuwa umeshamimina.

Dume likatoka kwenye gamba, likapanda juu. Hilo peke yake ni dalili, maana samaki huyu anapoogopa hukimbilia ndani, hapandi. Likaanza kujisugua kwenye jiwe.

Kwenye kabati nina fuwele za sodiamu thaiosalfeti kwa ajili ya siku kama hii. Miligramu 7 hivi zinaua miligramu 1 ya klorini. Nikapima gramu 1, ambayo kwa lita 115 ni nyingi kuliko niliyohitaji, nikayeyusha kwenye glasi, nikamwaga mbele ya mapovu ya chujio. Klorini ikitulizwa inatulia papo hapo. Baada ya robo saa dume lilikuwa limerudi kwenye shughuli zake za kuhamisha mchanga.

Jumanne, 13 Mei

Sponji sikuigusa Jumamosi ile, nikijua bakteria nao wamepata kipigo. Jumapili na Jumatatu nilipima amonia asubuhi na jioni. Ilifika 0.25, ikashuka. Sponji yenyewe siioshi bombani hata siku moja. Naikamua kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa humo humo, na maji hayo meusi nayamwagilia mchicha. Mchicha umekuwa kama wa shambani.

Jumamosi, 14 Juni

Kundi la pili. Kipupwe kimeingia, asubuhi ni baridi kidogo, wakati mzuri wa kusafirisha.

Na kijana wa Kigoma tulipatana mambo matatu kabla. Wasile siku mbili kabla ya kufungwa, maana chakula cha jana ndiyo amonia ya njiani. Mfuko mmoja samaki wawili tu. Na waje kwa ndege, hata kama nauli inazidi bei ya samaki. "Dada, wewe sasa umeshakuwa mtaalamu," akanitania. Nikamwambia utaalamu wangu umegharimu sita.

Karantini imesimama wiki moja kabla: beseni kubwa la lita 60, stoo, gizani kidogo. Sponji niliyoweka humo ilikaa kwenye tanki kubwa tangu Machi, kwa hiyo imekuja na bakteria wake. Vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia badala ya magamba, ili niwaone. Jana jioni nilimwomba kijana apime maji atakayowafungia, kalamu nilimtumia. Yalisoma 345. Nikayapandisha ya kwangu kutoka 335 kwa chembe za baikaboneti, nusu saa ya kazi.

Wamefika nyumbani saa 7 mchana, saa tano tangu wafungwe. Mifuko nimeiacha ielee kwenye beseni ikiwa imefungwa, dakika 20, joto lilingane. Taa zimezimwa. Kisha mfuko mmoja mmoja: fungua, mimina kwenye wavu juu ya ndoo tupu, tia samaki kwenye beseni. Maji ya mfuko hayaingii hata tone. Kutoka fundo kufunguliwa hadi samaki kuwa kwenye maji masafi, binti yangu alihesabu kwa sauti: wa kwanza sekunde 41, wa mwisho 18. Alikuwa amekataa kukaa stoo mpaka nilipomwambia safari hii hakuna kusubiri.

Nane wameingia. Saa 3 usiku nimechungulia na tochi ya simu: nane wanapumua, wawili wameshaanza kugombea kipande kimoja cha bomba.

Maji ya mifuko nimeyapima, lazima. Amonia 1, pH 7.9. Hata dripu ya nusu saa wangeistahimili, nadhani. Lakini dripu nimeirudisha kazini.

Ijumaa, 20 Juni

Madoa meupe. Jike moja, vidoa vitatu mkiani, kama chumvi ya mezani. Ndiyo maana ya beseni. Nimeweka chumvi gramu 2 kwa lita, jumla gramu 120, kwa awamu nne ndani ya siku mbili. Kimelea anayeleta madoa haya akiwa ndani ya ngozi dawa haimfikii. Anapatikana anapoogelea kutafuta samaki mpya. Kwa hiyo madoa yakipotea haina maana umemaliza. Kwa joto hili mzunguko wake ni siku chache tu, ila nitaendelea wiki mbili kamili. Kazini nawaambia wateja kila siku wamalize dozi hata wakipata nafuu, hawanisikii.

Jumamosi, 12 Julai

Wiki nne. Madoa hayajarudi tangu tarehe 24. Chumvi nimeitoa kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, mpaka kalamu imerudi 340.

Wamehamia leo. Kabla sijawatia nilifukua mpangilio wote, nikahamisha mawe, nikaongeza magamba yakawa 22. Dume la zamani lilikuwa mwenye nyumba tangu Machi. Ukiwaleta wageni kwenye mtaa wake bila kuuvuruga, anawaua. Ukihamisha mawe anajikuta naye mgeni. Lilizunguka jioni nzima likitafuta gamba lake, na kufikia usiku kila mmoja alikuwa na tundu.

Umeme ulikatika saa 2 usiku, kama kawaida mambo yakinoga. Pampu ya betri imefanya kazi saa tatu.

Jumamosi, 2 Agosti

Kumi kwenye lita 115. Nitrati inapanda 5 kwa wiki. Nimekaa na kalamu kutafuta ni kiasi gani cha maji kinatosha, kwa sababu kila mtu ana asilimia yake na hakuna anayesema kwa nini. Hesabu ni rahisi: gawanya kinachopanda kwa wiki kwa sehemu unayobadilisha. Nikibadilisha asilimia 10, nitrati itaendelea kupanda mpaka 50 ndipo itulie. Asilimia 25, itatulia 20. Asilimia 50, itatulia 10. Tofauti ya 10 na 25 ni kubwa mno kwa kazi ya ndoo moja tu. Kutoka 25 kwenda 50 unabeba mara mbili kupata punguzo la 10 tu, na unawatikisa wenye nyumba. Nimechagua robo. Mgongo wangu nao una kura.

Jumamosi, 23 Agosti

Saa 12 na nusu asubuhi, mpira wa kunyonyea maji mkononi, nimekaribia gamba la tatu kutoka kushoto. Jike halikukimbia. Lilisimama mbele ya tundu, likafungua mapezi, likauma mpira. Samaki wa sentimita 4 anauma mpira wa maji. Nikaacha, nikainama, nikawasha tochi.

Ndani ya tundu kulikuwa na vumbi linalosogea. Kisha vumbi likawa na macho.

Nimemwamsha binti yangu. Alipiga magoti mbele ya kioo na blanketi lake begani, hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Amefika kumi na moja, jike likazuia tundu, akaanza upya, akapata tisa, akapata kumi na tatu.

Robo ya maji nimeibadilisha kutoka upande wa pili wa tanki, na mdomo wa mpira nimeufunga kipande cha soksi ya nailoni, ndugu ya ile ya dagaa. Dagaa wenyewe nimewasaga, nimewachekecha kwenye kitambaa. Unga uliopita ndio chakula cha hawa wadogo kuanzia kesho, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, mara tatu kwa siku. Ndoo ya buluu imejaa, nyekundu inalala na kijiwe cha hewa.